Kama Baba Alimulika

Kama Baba alimulika siku ile au hakumulika, hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima. Nikilala ubavu wa ukutani naona amemulika. Nikigeukia dirishani naona hakumulika. Mwenzangu wa chumba alinivumilia siku mbili tatu, kisha asubuhi moja akaniuliza kwa upole kama kitanda changu kina kunguni.

Baba hapendi kuandika. Nilipokuja kusoma huku Guangzhou nilimwekea kwenye simu yake programu ya Kichina ya kuzungumzia, na tangu hapo hunitumia sauti, akianza kila moja kwa kukohoa kama mtu anayetaka kuhutubia mkutano. Ujumbe huo nao ulianza kwa kikohozi.

"Mama, habari za huko. Sisi wazima. Elia ameniita. Figo zimegoma, hospitali wamemrudisha nyumbani, kwa hiyo unaelewa. Anataka nifike nimwone. Sasa nakuuliza wewe, maana wewe ndiye uliyekuwa umekaa pale kwenye kreti. Siku aliyozaliwa mdogo wako, mimi nilimulika? Fikiri taratibu, usinijibu haraka."

Kumwambia mtu kama mimi afikiri taratibu ni kumwambia mbuzi aingie shambani. Mimi ni mtu wa kusimama dukani mbele ya dawa mbili za meno mpaka muuzaji aje kuuliza kama ninajisikia vibaya. Chuo nimemaliza, na wakati nangoja kujua maisha yangu yanaelekea wapi, nawatafsiria wafanyabiashara wa nyumbani wanaokuja kununua mizigo. Kazi yenyewe inanifaa kwa sababu maneno yanakuwa ya wengine, mimi nayapitisha tu. Lakini swali la Baba lilitaka neno langu mwenyewe, na neno hilo sikuwa nalo.

Ujumbe ule niliusikiliza mara nyingi bila kuujibu. Kumbukumbu zenyewe hazikuja kwa kutafutwa. Zilikuja kwa pua.

Nilikuwa Shiling, mji wa karakana za mikoba nje ya Guangzhou, na Dada Happy, mama wa Mwanza anayenunua mikoba kwa jumla. Safari hiyo alitaka aonyeshwe vifungo vya mikoba yake vinatengenezwa wapi, kwa kuwa mzigo uliotangulia ulikuwa umepiga weusi kabla haujafika sokoni. Mwenye karakana, laoban kama tunavyowaita wote, akatupitisha nyuma mpaka kwenye chumba cha kung'arishia. Palikuwa na beseni kubwa la chuma linalotetemeka lenyewe, na ndani yake vifungo vya shaba vilikuwa vikizunguka polepole, vinazama na kuibuka, katika kitu kilichofanana na pumba za mbao. Ikanipiga harufu ya vumbi tamu la nafaka pamoja na shaba iliyopata joto, ile inayobaki vidoleni ukishika sarafu muda mrefu. Nikaingiza mkono, nikachota. Yalikuwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa.

"Unanusa nini wewe?" Dada Happy akaniuliza. "Tumekuja kununua vifungo au mboga?"

Laoban akadhani nimeona kasoro, akaanza kusema meiyou wenti, meiyou wenti, kwamba hakuna shida kabisa, huku akinifuta mkono kwa kitambaa. Nikashindwa kutafsiri hata hilo. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kreti, miguu haifiki chini, mdomo nimeufunga kama nilivyoagizwa.

Baba alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya uwindaji wa watalii nje kidogo ya Arusha. Kampuni hiyo haipo tena. Ilikuwa na kibali cha kujaza risasi zake yenyewe, na aliyezijaza ni Baba. Watu wakisikia hivyo hudhani ilikuwa kubana matumizi. Baba alisema si hivyo. Alisema bunduki ni kama mguu: kiatu cha dukani kitakuingia, lakini kile kilichoshonwa kwa kipimo chako ndicho kisichokuchubua. Ganda la shaba la risasi likishapigwa ndani ya bunduki fulani linavimba, linachukua umbo la tumbo la bunduki ile. Ukiliokota, ukalitunza, ukalijaza tena, siku nyingine litakaa humo kama mwenye nyumba, halitakaa kama mgeni. Kwa hiyo kila bunduki ilikuwa na kopo lake la maganda, na makopo hayakuchanganywa, kama vile watoto wa nyumba mbili wasivyochanganywa viatu.

Mwaka ule Mama alikuwa mjamzito na alikuwa akitapika sana, basi mchana nikitoka shule ya awali Baba alinipeleka ghalani. Kreti langu lilikuwa karibu na mlango. Masharti yalikuwa kukaa, kutogusa na kunyamaza. Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka watu wanahama kiti, lakini pale nilinyamaza, na sasa naona kuwa pale ndipo mahali pekee utotoni mwangu ambapo mtu mzima alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Nadhani wasiwasi wake ulinipumzisha.

Maganda yalianzia katika pipa dogo la magunzi, mahindi ya shamba letu, yakizungushwa na mota mpaka masizi yatoke. Baada ya hapo Baba aliyashika moja moja. Alikuwa na waya mwembamba aliopinda ncha yake kidogo sana, akauingiza ndani ya ganda hadi karibu na kitako na kuupandisha taratibu akiwa amefumba macho. Alikuwa akitafuta kijifereji ndani ya ukuta wa shaba, mahali ilipoanza kuchoka. Waya ukikwama, hata kidogo tu, ganda lile lilibanwa kwa koleo likawa bapa, haijalishi linang'aa kiasi gani. "Linang'aa ili likudanganye," alisema. Yaliyobaki aliyapasha shingo kwenye moto wa gesi, akiyazungusha kwa vidole mpaka rangi ibadilike, kisha akayatumbukiza majini, tsss, kwa sababu shaba inayobanwa na kutanuliwa kila mara inakuwa ngumu na mwisho inapasuka. Aliyapima urefu, akayapunguza midomo yakawa sawa, akayabana kwenye mashine yenye mkono mrefu, akayawekea kitakoni fataki ya kuwashia baruti. Kisha aliyapanga kwenye ubao wenye matundu, midomo juu, kama vifaranga vinavyongoja.

Hapo ndipo hewa ya mle ndani ilipobadilika. Baruti ilipotoka kabatini Baba hakuzungumza tena na mtu yeyote, awe Mama au mwenye kampuni. Alipima kwa mizani ndogo iliyofunikwa kioo ili pumzi isiisukume, akamimina, akahamia ganda linalofuata. Mtu akitokea mlangoni na kusema neno wakati anamimina, Baba hakumjibu. Alilichukua ganda lililokuwa mkononi, akairudisha baruti yake kwenye kopo, akalirudisha ganda kwenye ubao likiwa tupu. Ndipo alipogeuka na kusema, "Naam."

Mimi niliona sababu yake waziwazi. Neno lilikuwa limeingia ndani. Mtu amesema "shikamoo" au "gari limekwama," na lile neno, likiwa hewani, limedondoka katika ganda lililo wazi, na sasa baruti imeharibika kama maziwa yaliyoingia nzi. Kwa hiyo Baba anaimwaga. Hakuna aliyenieleza hivyo, wala sikuona haja ya kuuliza. Lilikuwa jambo lililo wazi kama vile jua kulala Magharibi. Kumbe Baba alikuwa akijilinda tu na akili yake mwenyewe: mtu akikukatisha, hujui tena umefika wapi, na aliyejiona anajua ndiye hatari.

Mwishoni kabisa, kabla ya kufunga kila ganda kwa kichwa cha risasi, Baba alichukua tochi. Aliuinamia ubao na kuipitisha mstari kwa mstari, akichungulia ndani ya kila mdomo. Niliwahi kumwuliza, tukiwa tumeshatoka nje, alikuwa akitazama nini.

"Naangalia kama zote zimejaa sawa."

"Na ikiwa moja haijajaa?"

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Iliyozidi utaiona tu, itamwagika. Tupu haisemi kitu."

Mimi niliitikia kama niliyeelewa. Moyoni nilijua kuwa alikuwa akitafuta maneno.

Aliyezipiga risasi hizo kabla ya wageni kupewa bunduki alikuwa Anko Elia. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa rafiki wa Baba, mrefu, mwenye sauti ya kuimba besi kanisani. Yeye ndiye aliyejaribu kila bunduki kwenye kiwanja cha shabaha nyuma ya ghala, akiwa amelalia mfuko wa mchanga. Alimwita Baba "Mpishi."

"Mpishi, leo kuna nini mezani?"

"Kula kwanza, ndiyo useme."

Baadaye alirudi na karatasi ya shabaha. Ikiwa matundu yalikuwa yametawanyika alisema, "Chumvi imezidi, Mpishi, kila mmoja amekimbilia kwao." Ikiwa yamegusana mpaka yamekuwa tundu moja lenye masikio, hakusema kitu. Aliipachika ile karatasi ukutani kwa msumari, akanishika mkono na kunipa pipi ya kifua, kana kwamba ni mimi niliyefyatua. Sijawahi kuona wanaume wawili wakifurahiana namna ile, tena kwa kunyamaza.

Siku aliyozaliwa mdogo wangu ilikuwa siku ya mvua ndogo. Mama alikuwa amepelekwa hospitali tangu asubuhi, mimi nikaenda na Baba kazini kwa sababu hapakuwa na pa kuniacha. Wageni walikuwa wanafika kesho yake. Anko Elia alikuwa nje na bunduki, anangoja. Baba alikuwa katikati ya kumimina baruti pale Mama Aisha, jirani yetu, alipotokea mlangoni, analowana, kanga kichwani, kifurushi cha mkaa chini ya kwapa.

"Baba nanii," alisema, "hongera. Wamepiga simu kwa mwenye duka. Mvulana, na mama mzima."

Hilo nina hakika nalo. Na hili pia: Baba hakumjibu. Alilishika ganda lililokuwa mkononi, akairudisha baruti kwenye kopo, akalirudisha ganda tupu kwenye ubao. Nilishusha pumzi nilipoona hivyo. Ndipo akageuka, akasema, "Naam," akamfuata Mama Aisha mpaka barazani, na nikawasikia wakicheka, kicheko cha Baba kikiwa chembamba nisichokijua.

Hakuweza kuondoka hivi hivi, baruti ikiwa wazi. Sheria yake ilikuwa kumaliza na kufunga kabati kwanza. Akarudi, akamaliza, akafunga, akampa Anko Elia boksi, na Anko Elia akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Baba akapanda pikipiki ya mtu kwenda hospitali. Mimi nikaondoka na Mama Aisha kwenda kwake, nyumba ya tatu kutoka uzio wa kiwanja.

Alasiri ile mtutu ulipasuka mikononi mwa Anko Elia. Alipoteza jicho la kushoto na vidole viwili vya mkono wa upande huo huo. Watu wa kampuni walikuta ganda moja chini na jingine ndani ya bunduki. Walisema chuma kilikuwa kimechoka, bunduki yenyewe ya zamani. Anko Elia alipoulizwa kitandani alisema hivyo hivyo: chuma kimechoka. Hakuna aliyemgusa Baba kwa neno. Baba mwenyewe aliacha kazi kabla ya mwezi kwisha, akaanza kufuga kuku, na mpaka leo anafuga kuku.

Yeye na Anko Elia wanaishi pande mbili za mto mmoja. Kanisani wanapeana mikono. Hakuna aliyeingia nyumbani kwa mwenzake tangu hapo.

Mimi, utotoni, sikuwa na shaka yoyote juu ya kilichotokea. Mama Aisha alisema "mvulana," na neno halikuingia ganda moja tu. Sauti yake ilikuwa kubwa. Baba alilimwaga lile la mkononi, lakini mengine yalikuwa wazi pale pale ubaoni, midomo juu. Neno "mvulana" liliingia mojawapo, likafungiwa, na Anko Elia akalifyatua. Kwa hiyo mdogo wangu ndiye aliyepasua bunduki. Sikumchukia. Nilimwogopa kwa heshima, kama mtu anavyomwogopa mlevi mwenye nguvu. Radi ikipiga nilimziba masikio ili asijibu. Alipojifunza kuongea niliwaambia wenzangu wasimkaribie jikoni. Mama alifurahi, akasema nampenda mdogo wangu kupita kiasi. Sasa hivi yupo kidato cha tano, ana ndevu tatu, na hajui kwamba kuna miaka mizima ambayo nilimlinda ili dunia isiumie kwa sababu yake.

Nikasoma, nikakua, nikaja kuelewa lililo rahisi zaidi. Ganda lenye fataki bila baruti halilii kama risasi. Linatoa mlio mdogo, pu, kama mtu aliyeangusha kitabu, na kichwa cha risasi kinasukumwa kidogo tu na kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji anatakiwa asimame hapo hapo, afungue, achungulie. Akiweka nyingine na kufyatua, mtutu hauna pa kupitishia ile nguvu. Na ganda tupu lilikuwepo. Nililiona kwa macho yangu likirudishwa ubaoni kwa usahihi wote wa Baba. Ile desturi yake ya kujikinga ndiyo iliyoliweka pale. Kilichobaki kati ya ganda lile na jicho la Anko Elia ni kama Baba alilijaza aliporudi, na kama hakulijaza, basi tochi.

Haya yote nilimsimulia Dada Happy kwenye gari la kukodi tukirudi kutoka Shiling, kwa sababu aliniuliza kwa nini nimefanya laoban wa watu apate presha. Alisikiliza akiwa amevua viatu, akijikanda nyayo.

"Sasa tatizo liko wapi?" alisema. "Mwambie ulimwona. Nilikuona, Baba, ulimulika. Mzee wako aende akamwage machozi kwa rafiki yake, yaishe."

"Na kama hakumulika?"

"Wewe ulikuwa na umri gani?"

"Mitano, labda."

"Basi mtoto wa mitano akisema aliona, nani atampinga? Mdogo wangu, uongo wa kumlaza mzazi si uongo, ni shuka."

Dereva, Mchina asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alitutazama kwenye kioo akacheka tulipocheka. Dada Happy akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini.

"Wewe unafikiri mpaka chai inapoa. Na huyo Elia hakungoji. Ukichelewa kujibu, umejibu."

Hilo la mwisho lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikaanza kuutunga ule uongo. Niliutunga vizuri, maana ndiyo kazi yangu, kupitisha maneno yasikwame. Ulimulika, nilikuona, ulianza mstari wa dirishani. Nikajaribu kuiona tochi ili uongo uwe na rangi, na tochi ikaja kwa urahisi mno: mwanga wa njano, mkono wa Baba, midomo ya shaba ikiwaka mmoja baada ya mwingine. Halafu nikagundua kuwa jua lilikuwa linaingia dirishani. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Tochi niliyokuwa naiona ilikuwa ya siku nyingine, ya siku zote nyingine, ambazo Baba alimulika bila kukosa, na nilikuwa naichukua kutoka huko na kuibandika pale.

Nikajiuliza, basi ya siku ile ninaona nini? Nikaiacha akili iende yenyewe, bila kuisukuma. Naona kanga ya Mama Aisha, ilivyogandamana na mabega. Naona maji yakichuruzika kutoka kwenye kifurushi cha mkaa, meusi, yanatengeneza njia kwenye sakafu kuelekea kreti langu, na mimi nainua miguu. Baba amerudi ndani, najua, nasikia mashine ikibana. Lakini simwoni. Mimi nimegeukia mlangoni, namtazama Mama Aisha, kwa sababu nimepata mdogo na yeye ndiye anayejua habari zake. Ndiyo maana sijui. Si kwamba nimesahau. Sikuwa nikitazama.

Na kulikuwa na kitu kingine, ambacho sikuwa nimemwambia hata Dada Happy. Alasiri ile nilikuwa uani kwa Mama Aisha. Milio ya kiwanja ilikuwa kitu cha kawaida kwetu, kama majogoo. Walikuta maganda mawili, maana yake Anko Elia alifyatua mara mbili. Mimi nakumbuka mlio mmoja, mkubwa, mbaya, na kuku wakipaa. Kama ule wa kwanza ungekuwa risasi kamili, ningeusikia. Au nisingeusikia: Mama Aisha alikuwa akitwanga, mimi nilikuwa nikiimba, mtoto hasikii asichokingoja. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi bila kumwonyesha mtu. Mlio mmoja unamhukumu Baba. Lakini mlio mmoja unasema pia kuwa Anko Elia alisikia ile pu, yeye mwenye masikio ya kuimba besi, mtu aliyejua bunduki kuliko alivyojua gari lake, na hakusimama. Pengine alikuwa na furaha ya mtoto wa rafiki yake. Pengine alisema "chuma kimechoka" kwa sababu yeye naye ana swali lake, na amelala nalo upande wa pili wa mto miaka yote hii.

Sikulijua hilo. Silijui mpaka leo. Ila nilipolifikiria, lile shuka la Dada Happy likaanza kunitisha. Ningemfunika Baba peke yake, na kumwacha mgonjwa nje.

Nilipiga simu siku ya Jumamosi, huku ni jioni, kwao ni mchana, saa ambayo Baba amemaliza kulisha kuku. Nilikuwa nimesimama ngazini kwa sababu chumbani mwenzangu alikuwa anasoma. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema kwenye karatasi, na aliposema "Haloo, mama," karatasi ikawa haina maana.

"Baba, sijui," nilisema. "Sikukuona ukimulika. Na sikukuona ukiacha kumulika. Nilikuwa namtazama Mama Aisha."

Nilisikia kuku.

"Ganda ulilomwaga nililiona," nikasema. "Ulilirudisha kwenye ubao."

"Hilo nalikumbuka na mimi."

"Kuna jingine. Nilikuwa uani kwa Mama Aisha. Nilisikia mlio mmoja, Baba."

"Mmoja?"

"Mmoja. Lakini alikuwa anatwanga, na mimi nilikuwa mtoto."

Nikaitazama simu nione kama mtandao umekatika. Nikaanza kujuta, nikaanza kuandaa namna ya kulirudisha neno, kusema labda miwili, nikajizuia kwa kuuma kidole gumba.

"Baba?"

"Nipo." Akakohoa, lakini si kile kikohozi cha kuhutubia. "Nilidhani nikijua ndiyo nitajua niende na uso gani. Kama nilimulika, nikampe pole. Kama sikumulika, nikaombe msamaha. Sasa unaniambia niende na upi?"

"Nenda umwulize ule wa kwanza ulisikikaje. Yeye ndiye alikuwa pale. Labda na yeye anataka kuulizwa."

"Na akisema nilimwua nusu?"

"Utakuwa umeisikia kutoka kwake, Baba. Si kutoka kwangu."

Sijawahi kumwambia baba yangu afanye jambo. Nilisubiri anikemee, na ningeshukuru, ningerudi kwenye nafasi yangu. Badala yake nikasikia bati la banda likifungwa, kisha maji ya kunawa.

"Usikate," alisema.

Aliiweka simu mfukoni mwa shati. Nikasikia kitambaa kikikwaruza, nyayo zake kwenye kokoto, mtu akimsalimu njiani na yeye akijibu bila kusimama, kisha mto, kisha mbwa. Mwanafunzi mmoja alipita ngazini na beseni la nguo, akanikuta nimekaa sakafuni na simu sikioni bila kusema kitu, akanizunguka. Betri ilikuwa imebaki kidogo. Sikukata.

"Hodi," Baba alisema.

Halafu ikaja kutoka mbali, ndani ya nyumba, sauti nene iliyochoka, ikasema, "Mpishi. Ingia, nina neno la kukuuliza."